Kupikia kuni za paini na mbao nyingine laini katika jiko la nyumbani

Paini na mbao nyingine laini zina jina baya jikoni. Husemwa kwamba zina moshi, zinatia masizi sufuria, zinarusha cheche na moto wake haukai. Moshi na masizi hutokana na kuni ambazo hazijakauka au moto ulionyimwa hewa, na hata kuni nzito kama mvinje, zikiwa mbichi, zitakutia machozi vivyo hivyo. Cheche ni kweli, na penye paa la makuti zinataka hadhari. Moto kutokaa ni kweli pia, na hilo halina dawa. La kufanya ni kujua upike nini kwa kuni hizi na wakati gani uzichanganye na kuni nzito.

Kwa Unguja na Pemba, kuni laini zinazopatikana kwa urahisi ni mabaki ya mbao za paini (msonobari) zinazovushwa kutoka bara. Utayakuta kwa maseremala wa Mwanakwerekwe, Chake Chake au Wete, na kila penye ujenzi. Baada ya hapo kuna mshelisheli na msufi, miti ambayo watu huikata kwa sababu nyingine halafu hawajui wafanye nini na magogo. Mwembe uko katikati, si mwepesi sana wala si mzito. Gogo la mnazi ni kesi ya peke yake: sehemu ya nje karibu na ganda ni ngumu na inawaka vizuri, lakini kiini ni laini, kinanyonya maji na kinafukiza tu. Chonga sehemu ya nje, kiini usikilete jikoni. Mvinje usiuweke kundi moja na paini kwa kuwa majani yake yanafanana na sindano. Hauna udugu na msonobari, na mbao yake ni miongoni mwa kuni nzito kabisa tulizonazo.

Kilo kwa kilo, kuni kavu za aina zote hutoa joto karibu sawa. Paini hata huzidi kidogo kwa sababu ya utomvu wake. Tofauti iko kwenye ujazo. Mita moja ya ujazo ya paini kavu ina kilo 450 hadi 550 hivi. Ya mvinje ina kilo 800 hadi 1,000. Kipande cha paini cha sentimita 5 kwa 5 kwa 30 kina uzito wa gramu 375 hivi, na cha mvinje cha kipimo hicho hicho kinakaribia gramu 700. Kwa hiyo hesabu vipande viwili vya paini kwa kimoja cha mvinje. Ukiuziwa kwa mzigo au kwa gari, mzigo wa paini usilipe zaidi ya nusu ya bei ya mzigo wa mvinje wenye ukubwa sawa. Muuzaji atakwambia kuni ni kuni. Mnyanyulie tita moja moja kila mkono, atanyamaza.

Mbao zisizofaa kuingia jikoni

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu mabaki ya ujenzi huja yamechanganyika. Mbao nyingi za paa zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na dawa iliyozoeleka ina shaba, kromu na aseniki. Mpya utaitambua kwa rangi ya kijani iliyozama ndani, hasa kwenye ncha zilizokatwa. Ikipigwa na jua miaka kadhaa, kijani hufifia ikawa kijivu na huwezi tena kuijua kwa macho. Moto hauiui sumu hii. Sehemu hutoka na moshi na iliyobaki hujikusanya kwenye majivu. Basi shika kanuni hii: mbao iliyotoka juu ya paa, nguzo ya uzio au nguzo ya umeme haichomwi, hata ukiambiwa haina dawa. Maranda na vipande vya mbao hizo pia visitumike kuwashia.

Mbao za kumwagia zege zina ubaya mwingine. Mafundi huzipaka oili chafu ya gari ili zege lisishike, na oili hiyo huingia ndani ya mbao. Zikiwaka hutoa moshi mweusi mzito wenye harufu, na chakula kilicho wazi hunywa harufu hiyo. Plaiwudi na mbao nyingine za gundi ziache pia, maana gundi zake hutoa mvuke unaochoma macho na koo. Mbao yenye rangi au vanishi usijaribu kuikwangua, itupe.

Paleti za bandarini zinafaa kama zina muhuri wa HT, maana yake zilitiwa joto tu kuua wadudu. Zenye MB zilifukizwa kwa gesi ya sumu, zipishe. Zisizo na muhuri, au zenye madoa ya mafuta na kemikali, zipishe pia. Ng'oa misumari yote kabla ya kuchoma, si baada. Msumari uliobaki kwenye majivu mwisho wake ni unyayo wa mtoto.

Kuni zilizookotwa pwani zimelowa chumvi. Katika jiko la chuma chumvi hiyo hula bati upesi, na moshi wake una madhara zaidi kuliko wa kuni za shamba. Mbao za ngalawa na mashua kuukuu ni mbaya maradufu, kwa sababu juu ya chumvi kuna tabaka za rangi na dawa za kuzuia chaza na minyoo ya bahari.

Kupasua na kukausha

Pasua kwanza, kausha baadaye. Maji hutoka kwa wepesi kupitia ncha na sehemu zilizopasuliwa kuliko kupitia ganda, kwa hiyo gogo zima la mshelisheli laweza kukaa mwaka na ndani bado likawa na unyevu. Paini hupasuka vizuri kwa kufuata nyuzi zake. Panga zito na rungu la mti vinatosha kwa mabaki ya seremala. Penye fundo usipambane napo, kata kwa msumeno.

Urefu uwe mfupi kuliko tundu la jiko kwa sentimita 5 angalau. Sentimita 25 hadi 30 hufaa majiko mengi. Unene tengeneza wa aina tatu: vijiti vyembamba kama kidole kidogo vya kukokea moto, vipande vya sentimita 2 hadi 3 vya kuinua moto, na vya sentimita 4 hadi 6 vya kupikia. Usizidishe hapo. Watu hukata paini nene wakidhani itakaa zaidi, kumbe kipande kinene huungua juu huku ndani kikitoa moshi ambao moto haujapata nguvu ya kuuchoma.

Kuni za kupikia zinatakiwa ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20. Hewa ya visiwani ina unyevu mwingi mwaka mzima, hivyo kuni iliyo kivulini haishuki sana chini ya asilimia 15 hata uisubiri vipi. Hiyo inatosha. Kinachoharibu ni mvua na ardhi. Panga kuni juu ya boriti au matofali, sentimita 20 kutoka chini, acha nafasi ya kidole kati ya kipande na kipande, na funika juu tu kwa bati. Pembeni pawe wazi kabisa. Turubai lililoteremshwa hadi chini hufungia mvuke, na baada ya wiki mbili utakuta ukungu. Elekeza ubavu mrefu wa rundo kwenye upepo: kaskazi huja kutoka kaskazini mashariki, kusi kutoka kusini, kwa hiyo rundo lililonyooka kati ya kaskazini magharibi na kusini mashariki litapata pepo zote mbili kwa kiasi. Usilisimamishe ukutani mwa nyumba, kwani mchwa watapita humo humo hadi kwenye milango. Na ukichomoa kuni, chomoa kwa kutazama. Nge na tandu hupenda sana mahali pa aina hii.

Muda unategemea msimu. Mabaki ya seremala ambayo tayari ni mbao kavu na membamba hutaka wiki 2 hadi 4 za kaskazi, kati ya Disemba na Februari. Paini au mshelisheli mbichi uliopasuliwa sentimita 5 hutaka miezi miwili hadi mitatu ya kiangazi. Ukianza masika, usihesabu miezi ile. Karibu hakuna kinachokauka, na kwa Pemba ambako mvua ni nyingi zaidi ni vizuri akiba ya masika iwe imeshaingia bandani mapema Machi.

Kupima hakuhitaji kifaa cha dukani. Chukua vipande vitatu kutoka katikati ya rundo, vitie alama ya mkaa, vipime kwa mizani ya jikoni na andika. Rudia kila wiki. Kipande kilichoanza na gramu 800 kikashuka 650, kisha 560, kisha 520, kisha 515, kimefika mwisho wake. Kama kingali kinapoteza zaidi ya gramu 20 kwa wiki, bado. Dalili nyingine ni sauti: gonganisha vipande viwili, vikavu hulia kwa sauti kali na vibichi hutoa mlio mzito uliokufa. Na ikiwa kuni iko motoni na ncha yake inatoa povu na kufoka, unachemsha maji ya kuni kabla ya kuchemsha maji ya chai. Kila kilo ya maji iliyomo humo inakula joto la megajuli 2.5 hivi kugeuka mvuke, na joto hilo linatoka kwenye moto wako.

Katika masika, kuni za siku mbili zinaweza kukaushwa jikoni kwenye kichanja juu ya meko, lakini kisipungue mita moja kutoka kwenye ndimi za moto. Usiziegemeze kwenye jiko na kwenda kulala.

Kukoka moto

Ikiwa jiko lina dohani, dohani baridi lililojaa hewa nzito ya usiku hurudisha moshi ndani. Washa kwanza karatasi moja au ukuti mkavu chini ya tundu la dohani, uuache uungue wote, halafu ndipo ukoke. Fungua tundu la hewa hadi mwisho.

Weka vipande viwili vya sentimita 4 sambamba, pengo la sentimita 5 katikati. Juu yake panga vijiti vyembamba kwa kukingamisha, tabaka mbili au tatu zenye nafasi. Ndani ya pengo ingiza kienge cha makuti makavu, karara lililochanwachanwa, au konzi ya maranda ya randa. Washa kienge. Paini haihitaji mafuta ya taa. Ukiona inahitaji, haijakauka. Unga wa mbao usiutupe motoni kwa konzi, hulipuka ghafla usoni. Plastiki isikaribie jiko la chakula.

Vijiti vikishika, ongeza vipande viwili vya sentimita 2 hadi 3, subiri ndimi ziwe za njano safi zisizo na mkia wa moshi, kisha tia vya kupikia. Hadi hapo huwa ni dakika 5 hadi 8.

Kulisha moto

Karibu robo tatu ya uzito wa kuni kavu, au zaidi, hugeuka gesi kabla haijawa makaa, na kwa paini gesi hiyo hutoka haraka. Gesi ikikutana na hewa na joto la kutosha huwaka ikawa ndimi. Ikikosa kimojawapo hutoka ikiwa moshi, na moshi ni kuni ulizolipia zinazopaa bila kufanya kazi. Ndiyo maana paini haijazwi jikoni. Tia vipande viwili au vitatu kwa mara moja, na ongeza kimoja kila dakika 5 hadi 7, kabla cha mwanzo hakijakatika ndimi. Mpishi aliyezoea mvinje huweka kuni, akaenda kukuna nazi, akirudi anakuta ama moto umepanda hadi kwenye masikio ya sufuria, ama umelala. Kwa paini, kuna nazi karibu na jiko.

Kosa kubwa ni kuziba hewa ili kuni zidumu. Moto ukizidi, punguza kuni, usizibe hewa. Vuta kipande kimoja nje hadi ncha tu ibaki ndani. Katika jiko lenye tundu la pembeni, kuni zilale juu ya vipande vya nondo au bati lililoinuliwa ili hewa ipite chini yake, na ncha tu ziwe zinawaka. Ukizisukuma hadi ndani kabisa, zote hutoa gesi kwa pamoja na tundu la hewa linazibwa na kuni zenyewe.

Kiasi cha kuni kinaweza kukadiriwa. Kuchemsha lita 5 za maji kutoka joto la kawaida la hapa hutaka megajuli 1.5 ndani ya maji. Mafiga matatu hufikisha kwenye sufuria sehemu ndogo tu ya joto, tuseme asilimia 15, basi ni gramu 600 hadi 700 za paini kavu, yaani vipande viwili vya kile kipimo cha gramu 375. Jiko banifu linalofikisha asilimia 30 litatumia kimoja. Ukiona unatumia vinne, angalia unyevu kwanza, kisha upepo unaopiga mafiga, kisha mfuniko wa sufuria.

Upike nini

Paini inafaa penye moto mkali wa muda mfupi: maji ya kunywa, chai, muhogo wa kuchemsha, mchuzi wa samaki. Kwa kukaanga samaki ni afadhali upunguze hadi kipande kimoja, kwani ndimi za paini ni ndefu na zikipanda ubavuni mwa kaango zinaweza kuyafikia mafuta.

Isipofaa ni kwa boko boko, maharage makavu na kila kinachotaka saa nyingi za moto mdogo. Haifai pia peke yake kwa wali, kwa sababu wali wa nazi unapokaribia kukauka unataka kupaliwa makaa juu ya mfuniko, na paini huacha makaa machache, mepesi, yanayogeuka jivu ndani ya dakika chache. Dawa yake iko uani. Dakika 15 kabla ya wakati wa kupalia, tia vifuu viwili au vitatu vya nazi motoni. Vifuu huwaka kwa nguvu, vina masizi mwanzoni, kisha huacha makaa magumu yenye joto zuri. Makumbi hayafai kwa kazi hii. Hufukiza muda mrefu bila joto la maana. Mkate wa kumimina nao ni vivyo hivyo: vifuu au mkaa, na paini ya kuwashia tu.

Ukiwa na mvinje kidogo, changanya hivi: paini inyanyue moto hadi sufuria ichemke, kisha kipande kimoja cha mvinje juu ya makaa yake na kimoja cha paini pembeni cha kukipa ndimi. Mzigo mmoja wa mvinje utakaa karibu mara mbili ya kawaida yake. Mikandaa ni mizito vile vile, lakini kukata mikoko kunataka kibali, na pwani inaihitaji kuliko jiko.

Usichome mishkaki wala usikaushe samaki kwa moshi wa paini. Utomvu wake huacha uchungu na masizi juu ya nyama. Ndani ya sufuria iliyofunikwa hakuna tatizo.

Masizi na cheche

Ndimi zikigusa kitako cha sufuria baridi kabla hazijamaliza kuungua, hupoa na kuacha masizi. Ndimi za paini zinataka nafasi: sentimita 12 hadi 15 kati ya kitanda cha kuni na kitako cha sufuria. Mafiga yaliyowekwa kwa ajili ya makaa huwa mafupi mno, yainue kwa vipande vya tofali. Kabla ya kupika, paka nje ya sufuria uji wa majivu na sabuni. Masizi yatatoka kwa maji matupu.

Cheche huruka pale utomvu au unyevu uliofungiwa ndani ya mbao unapopasuka. Mafundo ndiyo mabaya zaidi, basi yapeleke kwenye jiko lenye mlango, si kwenye mafiga ya uani. Chini ya paa la makuti usikoke moto wa paini ulio wazi, hasa mchana wa kaskazi wenye upepo. Ikibidi, ning'iniza bati juu ya jiko, mita moja na nusu kutoka kwenye moto, na weka ndoo ya maji na ya mchanga mlangoni. Mara kwa mara fagia masizi yaliyoning'inia kwenye dari. Nayo yanashika moto.

Dohani

Watu huilaumu paini kwa lami nyeusi inayoganda ndani ya dohani. Lami hiyo ni moshi uliopoa, na kuni ya aina yoyote iliyo mbichi au iliyozibiwa hewa itaiweka. Paini kavu yenye moto mkali huacha masizi makavu mepesi tu. Ukikwangua ndani ya dohani ukapata unga mweusi, uko sawa. Ukipata magamba yanayong'aa au ute unaonata, rudi kwenye rundo lako na mizani.

Kwa jiko la kila siku, lisafishe kila mwezi. Funga kifungu kinene cha chelewa katikati ya kamba, jiwe dogo chini, kishushe kutoka juu na ukipandishe mara kadhaa huku mdomo wa jiko umefunikwa kwa gunia bichi. Kama umeweka wavu wa kuzuia cheche juu ya dohani, uondoe na uupige brashi kila wiki mbili, la sivyo utaziba na moshi wote utarudi jikoni. Bomba la chuma lisipite ndani ya makuti. Lipitishe ukutani, lipande nje, mdomo wake uwe juu ya kilele cha paa.

Ukisikia dohani linanguruma na bati linakuwa jekundu, masizi yameshika moto. Ziba tundu la hewa na mlango, hii ndiyo mara pekee, toa watu nje, na mwagia mchanga kuni zilizomo. Usimwage maji ndani ya dohani lenye moto. Mvuke wake huunguza na hupasua udongo. Baada ya hapo usiwashe tena hadi lote likaguliwe nyufa.

Majivu

Paini huacha jivu kidogo sana, hivyo kutoa kila siku si lazima. Tabaka la sentimita 2 husaidia kushika makaa. Ukitoa, tumia ndoo ya bati yenye mfuniko na iache juu ya mawe hadi kesho yake, maana kaa lililofunikwa na jivu hukaa na moto usiku kucha. Ndoo yenye makaa isilale chumbani kwa watu. Gesi yake haina harufu na inaua.

Jivu la kuni safi linyunyize shina la mgomba au chooni. Kwenye ardhi ya maweni usilitie kwa wingi, ardhi hiyo ina chokaa ya kutosha tayari. Jivu usilolijua limetoka mbao gani lifukie mbali na kisima.